Sumaku Iliyodondoka

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipofika kwetu Sofu, alimwamkia bibi, kisha akatoa sumaku mfukoni. Akaigusisha kwenye chesisi ya Land Rover ya marehemu babu, ikang'ang'ania. Akaigusisha mlangoni, ikadondoka mchangani.

"Bibi, hapa kuna bei mbili," alisema. "Chuma bei yake, aluminiamu bei yake."

Gari lile lilikuwa limekaa chini ya mwembe miaka mingi. Bibi alitaka nafasi ajenge chumba cha kupangisha. Mimi nilitaka libaki. Niliomba wiki moja, nikaanza kusoma.

Nilidhani Waingereza walichagua aluminiamu kwa ujuzi wa kuona mbali. Kumbe ilikuwa dhiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilitolewa kwa mgao, wakati aluminiamu, iliyotumika sana kwenye ndege za kivita, ilipatikana kwa urahisi zaidi. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakaivika chesisi ya chuma bodi ya aluminiamu iliyochanganywa na magnesi. Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948.

Kwa ujazo uleule, aluminiamu ina karibu theluthi moja tu ya uzito wa chuma, wala haishiki kutu nyekundu. Lakini metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, hasa wenye chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana ukingo wa mlango wa babu ulikuwa unamwaga unga mweupe.

Leo wepesi hautokani tena na dhiki, unapigiwa hesabu. Ford ilipotoa F-150 ya mwaka 2015 yenye bodi ya aluminiamu, gari lilipungua uzito kwa hadi kilo 300 hivi. Kwetu hesabu hiyo inapita Barabara ya Morogoro. Zamani malori yalipimwa hapa Kibaha, baadaye mizani ikahamia Vigwaza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu uzito usiozidi tani 56, gari na mzigo kwa pamoja. Kwa hiyo kila kilo inayopunguzwa kwenye tangi la lori ni kilo moja zaidi ya mafuta yanayoweza kubebwa. Matangi ya aluminiamu yanajilipa hapo.

Kilichonibadilisha mawazo ni jambo jingine. Kuitoa aluminiamu kwenye madini yake kunakula umeme mwingi mno. Kuyeyusha iliyokwisha kutumika kunahitaji karibu asilimia 5 tu ya nishati hiyo. Gari lililolala chini ya mwembe lilikuwa limefungia umeme uliokwisha kulipiwa zamani. Nililiita kumbukumbu, nalo lilikuwa linageuka unga.

Wiki ilipoisha, yule kijana alirudi na mizani yake ya kuning'iniza. Nilimsaidia kufungua boneti na mabawa. Chesisi ilibebwa na watu wanne. Mlango niliubeba mwenyewe, kwa mkono mmoja.

Mlango wa pili bibi alikataa kuuza. Sasa ndio mlango wa banda la kuku, nyuma ya chumba cha mpangaji. Bawaba zake za chuma zimeshika kutu. Kila nikienda likizo nazipaka grisi.