Injini Mpya: Tuibembeleze au Tuikanyage?

Uingereza miaka ya 1950, gari jipya lilibandikwa tangazo kwenye kioo cha nyuma: injini ingali inazoezwa, tafadhali nipite. Haukuwa mzaha. Kuta za silinda zilitoka kiwandani na mikwaruzo mikali. Ukiikimbiza injini mapema, vyuma vilichemka na pistoni ingeweza kukwama.

Miongo ikapita, mashine za kusugulia silinda zikaboreka. Wakazuka wanaosema: kanyaga tangu siku ya kwanza! Hoja yao ina mashiko. Ringi za pistoni husukumwa ukutani na gesi inayowaka. Ukibembeleza mno, ukuta hung'ara kabla ringi hazijakaa sawasawa, na injini huanza kula oili.

Lakini Honda, iliyotoa S2000 mwaka wa 1999 yenye injini ya kufikia mizunguko 9,000 kwa dakika, ilishauri usikanyage hadi mwisho kilomita 1,000 za kwanza. Mimi naona pande zote zina haki: ipe injini kazi ya wastani, badilisha mwendo, usifike kikomo.

Na sisi wanunuzi wa mitumba ya Japani je? Kilomita hizo alizimaliza mtu mwingine. Ndiyo maana kabla ya kuuliza bei, tazama kwanza kama ekzosi inatoa moshi wa samawati.