Haiba na Mafungu ya Kazi: Kuridhika na Kazi Mamba, Upareni Kusini

Frank Parsons alifariki mwaka 1908, na kitabu chake kuhusu kuchagua kazi kikachapishwa Boston mwaka uliofuata. Hoja yake kuu haikuwa na mafumbo: kijana ajijue kwanza, kisha azijue kazi zilizopo, kisha aoanishe hayo mawili kwa kutumia akili. Boston ya wakati ule ilikuwa na viwanda, bandari, benki, magazeti na maduka makubwa, kwa hiyo aliyejijua alikuwa na mahali pa kupeleka ujuzi huo. Miaka hiyohiyo Giti, Upareni Kusini, wamisionari Waadventista wa Kijerumani waliofika mwaka 1903 walikuwa wakifundisha watoto kusoma na kuandika. Mtoto wa Kipare aliyehitimu alijikuta na njia moja mpya mbele yake, ualimu na uinjilisti, ambavyo mara nyingi vilishikwa na mtu yuleyule. Njia nyingine ilikuwa shamba la baba yake. Huyu angejijua namna gani, na ujuzi huo angeuoanisha na nini?

Swali hilo halijapitwa na wakati. Unasihi wa kazi unaotolewa katika shule zetu za sekondari, pale unapotolewa, bado umesimama juu ya msingi wa Parsons: pima haiba ya mwanafunzi, mwonyeshe kazi inayomfaa, mwache aende. Hoja ya makala hii ni kwamba kwa mahali kama Mamba, wilayani Same, msingi huo umekosea kitu cha kupimwa. Mtu wa Mamba hachagui kazi moja. Anapanga fungu la kazi, na kuridhika kwake hutegemea kazi zilizomo katika fungu hilo, uzito wa kila moja, na nani mwenye kauli ya kulipanga upya.

Tuanze na nadharia yenyewe, kwa kuwa huku kwetu inasifiwa kuliko inavyostahili. Mwaka 1959 John Holland alieleza nadharia iliyokuja kugawa watu na mazingira ya kazi katika aina sita: watu wa vitendo, wachunguzi, wasanii, wahudumu wa jamii, wafanyabiashara, na wenye kupenda utaratibu. Mtu akipata mazingira ya aina yake, alisema Holland, ataridhika na kudumu. Inaingia akilini kwa urahisi mno. Lakini uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi, uliochapishwa na Hoff na wenzake mwaka 2020, ulikuta kwamba uhusiano kati ya kuoana huko na kuridhika na kazi ni wa wastani wa 0.19. Kwa lugha ya takwimu, hiyo inaeleza chini ya asilimia 4 ya tofauti za kuridhika baina ya watu. Kipimo cha Myers na Briggs, ambacho waandaaji wa semina za vijana Dar es Salaam wanakipenda zaidi, nitakipita haraka: kilibuniwa na mama na binti yake waliovutiwa na kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921, na wengi wanaokirudia baada ya wiki chache hupata jibu tofauti. Kinafaa kwa mazungumzo ya chai.

Lenye uzito zaidi kwetu limetoka Bolivia. Michael Gurven na wenzake walipima haiba za Watsimane, wakulima na wawindaji wa bonde la Amazoni, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba zile nguzo tano za haiba zinazodhaniwa kuwa za wanadamu wote hazikujitokeza. Walichokiona kilielekea kwenye mambo mawili tu: wema kwa wenzako na bidii ya kazi. (Mzee yeyote wa Upareni anayemchunguza mchumba wa binti yake angeielewa orodha hiyo bila kufafanuliwa.) Mwaka 2019 Paul Smaldino, akishirikiana na Gurven na wengine, alitoa maelezo yanayonishawishi: kadiri jamii inavyokuwa na nafasi nyingi tofauti za kuishi na kufanya kazi, ndivyo tabia za watu zinavyopata uhuru wa kuachana na kuchanganyika kwa namna nyingi. Nafasi zikiwa chache, tabia hufungamana. Tukikubali hilo, haiba si kitu kilichokamilika ndani ya mtu kikisubiri kazi ya kukipokea. Kwa sehemu, haiba inatengenezwa na nafasi zilizopo.

Sasa Mamba. Anayeijua tarafa hii anajua tangawizi. Zao hili limetawala miteremko ya mashariki ya milima, na hukaa ardhini miezi minane hadi kumi. Kwa nje wote wanaitwa wakulima wa tangawizi, na mpimaji wa aina ya Holland angewaweka kapu moja la watu wa vitendo. Kwa ndani kuna kazi nyingi zenye kudai tabia tofauti kabisa. Kuchagua na kutunza mbegu kunataka jicho kali na mashaka, maana kipande kimoja kilichooza huambukiza shamba. Palizi inataka subira. Maji ya mfereji, na ndiva zinazokusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana, yanataka mtu wa zamu, mwenye kuhesabu saa na asiyeogopa kumwambia jirani yake kwamba muda wake umekwisha. Kusubiri bei kunataka moyo: mwenye haraka huvuna tangawizi ikiwa changa, mtulivu huiacha udongoni. Kisha kuna kukaa na dalali na kubishana kuhusu lumbesa, ujazo wa gunia unaomwibia mkulima mchana kweupe; hapo mpole hana lake.

Kaya inayofanikiwa, kwa kadiri ninavyoweza kuona, ni ile iliyogawana kazi hizi kufuata tabia za watu wake, hata kama haikuwahi kulisema jambo hilo kwa sauti. Na mtu mmojammoja hufanya hivyohivyo ndani ya maisha yake. Chukua mwalimu wa shule ya msingi: asubuhi darasani, jioni shambani, Jumamosi mzee wa kanisa, na mwisho wa mwezi mtunza hesabu wa kikoba. Muulize kama ualimu unamridhisha, atakupa jibu la robo. Huenda darasa la watoto wengi linamchosha, lakini shauku yake ya mpangilio imepata nyumba katika daftari la kikoba. Amy Wrzesniewski na wenzake, mwaka 1997, waliwakuta makarani 24 wenye kazi za aina moja wakigawanyika karibu sawa: wengine waliona pale pana mshahara tu, wengine ngazi ya kupandia, wengine wito. Mwalimu wetu anaweza kuwa na yote matatu kwa siku moja, kila moja katika kazi yake.

Sitaki picha hii ionekane tamu kuliko ilivyo. Historia ya Upareni inajua vizuri kazi zilizofungwa kwa kuzaliwa. Ugweno, upande wa kaskazini, ufuaji chuma ulikuwa wa ukoo wa Washana; marehemu Profesa Isaria Kimambo ameeleza jinsi ukoo huo ulivyotawala kwa nguvu ya chuma kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Mtoto wa Mshana aliyechukia moto wa tanuri hakuulizwa. Na leo, binti wa Mamba mwenye mapenzi ya kweli na shamba hukuta ardhi ya ukoo ikipita kwa kaka zake, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki sawa. Atalima kwa kuazima au kukodi. Mwenye fungu asiloweza kulipanga hana tofauti kubwa na mtwana wa kazi moja, na anayemwambia kwamba kuchanganya kazi kunampendeza anamdhihaki.

Lipo pia jambo la utani. Watanzania humtania Mpare kwamba ni bahili na kwamba atauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Huo nao ni upimaji wa haiba, wa bure na wa kabila zima, na nimesikia watu wakiutumia kueleza kwa nini Mpare anafaa uhasibu au uwakili. Wanasahau mbiru. Mwaka 1945 Wapare walimiminika Same na kukataa kodi iliyotaka kila mtu akadiriwe mali yake, na wakashikilia malalamiko yao kwa muda mrefu hadi serikali ya kikoloni ikarudi nyuma. Watu waliolazimika kuhesabu kila senti na kudai kila haki kwa maandishi wataonekana wabahili na wapenda kesi. Kinachoitwa tabia hapo ni kumbukumbu ya mazingira.

Kwa hiyo unasihi ufanye nini? Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, na mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa hadi 65. Ni hatua njema, lakini wingi wa tahasusi kwenye fomu si wingi wa nafasi mlimani, na tahasusi isiyo na mwalimu katika shule husika ni maandishi tu. Mwanafunzi wa sekondari huko Mamba angesaidiwa zaidi na maswali matatu ambayo hayamo katika dodoso la Holland. Ni kazi zipi unazifanya tayari, na ipi ungeifanya hata bila kuamrishwa? Nani anaamua saa zako? Ni kazi gani ya karibu ambayo bado haina mtu?

Swali la tatu ndilo linalonirudisha kwenye kiwanda cha tangawizi cha ushirika wa wakulima wa Mamba Miamba, mradi ambao Anne Kilango Malecela aliupigania sana akiwa mbunge wa Same Mashariki. Mjadala wa kiwanda hicho umekuwa wa bei na tani, na ni haki uwe hivyo. Lakini kila mashine ya kuosha, kukata, kukausha na kusaga huzaa nafasi ambazo mlima haukuwa nazo: fundi wa umeme, mpima unyevu, mtunza ghala, mkaguzi wa ubora, mtafuta soko. Kijana mwenye kupenda vipimo, ambaye shambani alionekana mzito na mwenye maswali mengi, anapata pa kuwa hodari. Kiwanda kikisimama kwa kukosa mtaji au malighafi, nafasi hizo hufungwa pamoja nacho, na kijana huyo hurudi kuitwa mzito. Wanaosimamia ushirika na wanaosimamia unasihi wa shule hukaa ofisi tofauti na hawajibiki kwa mkubwa mmoja. Sioni kwa nini mkutano wa mwaka wa wanaushirika usiwe na kipengele cha nafasi zinazotarajiwa kufunguka msimu ujao, na nakala yake ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila sekondari ya tarafa kabla kidato cha nne hawajajaza machaguo yao.