Kawia Ufike: Historia ya Santuri Moja ya Norwei

Wahenga walisema, "Kawia ufike." Methali hii humfariji msafiri aliyechelewa, maana humwahidi kwamba njia, ijapokuwa ndefu, ina mwisho, na ya kwamba atakayefika ni yule yule aliyeondoka. Walakini iko safari ambayo mzigo ulifika na wachukuzi wakabaki njiani. Ndiyo safari ya santuri iitwayo De Mysteriis Dom Sathanas, kazi ya kundi la Mayhem la Norwei, iliyotolewa Mei 1994. Ina nyimbo nane tu, na yote huisha kwa muda wa dakika 46 hivi. Nyimbo nne miongoni mwa nane zilikwisha kupigwa mbele ya watu mjini Leipzig, Ujerumani, Novemba 26, 1990. Katika miaka ile mitatu na nusu ya kungoja, mwimbaji aliyetunga maneno alikufa, mpiga gitaa aliyetunga muziki aliuawa, na aliyemwua alikuwa ndiye mpiga gitaa la besi katika santuri hiyo hiyo.

Muziki wenyewe waitwa blaki metali, jina lililotokana na santuri ya kundi la Venom la Uingereza ya mwaka 1982. Ni muziki wa magitaa yenye mkwaruzo, ngoma za kasi kubwa, na sauti ya mtu anayelia kuliko kuimba. Na maneno yake hupenda mauti, giza na uadui wa dini. Hapo mwanzo haukuwa na soko. Vijana waliupashana kwa posta, wakibadilishana kanda na barua kutoka nchi hata nchi. Mayhem ilianzishwa karibu na Oslo mwaka 1984 na Øystein Aarseth, mpiga gitaa, pamoja na Jørn Stubberud, mpiga besi, na Kjetil Manheim, mpiga ngoma. Santuri yao fupi ya kwanza, Deathcrush, ilitoka mwaka 1987 kwa nakala 1,000 tu.

Mwaka 1988 kundi lilipata watu wawili wa maana: Jan Axel Blomberg, mpiga ngoma hodari, na Per Yngve Ohlin, kijana wa Uswidi, aliyekuwa mwimbaji. Ohlin alikuwa mtu wa huzuni kubwa. Wengine walivaa mauti kama vazi la jukwaani. Yeye aliyachukua moyoni, hata akajiita kwa jina la maiti. Ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya maneno ya santuri iliyokuwa ikikusudiwa. Aprili 8, 1991, alijiua katika nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja huko Kråkstad. Stubberud, aliyechukizwa na ukavu ambao Aarseth aliupokea nao msiba ule, akajitenga na kundi. Hivyo kazi ikapoteza mwimbaji na mpiga besi kwa mpigo mmoja, na hilo ndilo chimbuko la kwanza la kukawia kwake.

Chimbuko la pili lilikuwa fedha na shughuli. Mwaka 1991 Aarseth alifungua duka la santuri mjini Oslo, akaliita Helvete, yaani Jahanamu. Alikuwa pia na kampuni ndogo ya kutolea santuri, Deathlike Silence. Duka likawa baraza la vijana wa muziki ule, lakini baraza si biashara. Walioketi walikuwa wengi kuliko walionunua. Mwaka 1992 kampuni hiyo ilitoa santuri ya kwanza ya Burzum, kazi ya kijana wa Bergen aitwaye Varg Vikernes. Aarseth alimpokea kijana huyo, akatangaza kazi yake, kisha akamkabidhi besi ya Mayhem.

Kazi ya kurekodi ilifanyika Bergen, katika Grieghallen, jumba kubwa la muziki lililofunguliwa mwaka 1978 na kupewa jina la mtunzi Edvard Grieg. Fundi mitambo alikuwa Eirik Hundvin, ajulikanaye kama Pytten. Snorre Ruch wa kundi la Thorns alichangia muziki na kusaidia kukamilisha maneno yaliyoachwa na marehemu. Mwimbaji aliitwa kutoka Hungaria, Attila Csihar. Huyu hakumwiga Ohlin. Alikoroma, akanong'ona, akavuta sauti kama mtawa asomaye zaburi usiku, hata wako wasikilizaji waliomchukia mwanzoni na kumsifu baadaye.

Wakati huo mchezo wa maneno ulikuwa umegeuka kuwa moto wa kweli. Juni 6, 1992, kanisa la mbao la Fantoft, ambalo asili yake ni karne ya 12, liliteketea, na makanisa mengine yakafuata. Magazeti yalipoyaandika mambo hayo Januari 1993, duka la Helvete lilifungwa. Urafiki wa Aarseth na Vikernes nao ukageuka uhasama. Agosti 10, 1993, Vikernes alimwua Aarseth kwa kisu katika jengo alimokuwa akikaa mjini Oslo. Aarseth alikuwa na umri wa miaka 25, na aliyemwua miaka 20. Mei 1994 mahakama ilimhukumu Vikernes kifungo cha miaka 21, kirefu kuliko vyote katika sheria ya Norwei ya siku zile, kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa kadhaa. Ruch, aliyefuatana naye usiku ule, alihukumiwa miaka minane. Siku chache baada ya hukumu, santuri ikatoka.

Hapa ndipo penye fundo la habari hii. Katika studio ya zama zile kila chombo kilirekodiwa katika njia yake juu ya utepe mmoja, ili fundi aweze kupandisha sauti hii na kushusha ile. Kwa hiyo iliwezekana kuifuta besi pasipo kuigusa gitaa. Wazazi wa Aarseth waliomba jambo hilo: mkono uliomwua mtoto wao usisikike pamoja na mkono wake. Blomberg, aliyebaki na mzigo wa kazi, alieleza baadaye kwamba aliacha watu waamini kuwa besi ingepigwa upya. Lakini yeye hakujua kuipiga, na tena aliona yafaa mwuaji na aliyeuawa wabaki katika santuri moja. Besi ikabaki.

Haki ya wazazi haihitaji hoja. "Mwenye kovu usidhani amepoa," na aliyefiwa kwa namna ile ana kovu lisilopoa. Kwao santuri haikuwa hati ya kale. Ilikuwa sauti ya mtoto, na kando yake sauti nyingine wasiyotaka kuisikia. Blomberg angaliweza kumtafuta mpiga besi mwingine, na udhuru wa kutojua besi ni mwembamba. Kuwaacha watu waamini lisilotendeka ni kuongeza jeraha juu ya jeraha.

Hata hivyo, mwanahistoria hana budi kuuliza kingebaki nini kama besi ingefutwa. Ingebaki santuri safi isiyosema kweli. Msikilizaji asingejua kwamba uadui ule ulizaliwa ndani ya ushirika, wala kwamba aliyeuawa ndiye aliyemfungulia mlango aliyemwua. Besi ile haimtukuzi mwuaji; yamshuhudia. Lakini ushahidi hufaa pale tu unapoelezwa. Wapo wapenzi wa muziki huu waliokifanya kifo cha Ohlin na cha Aarseth kuwa pambo, kana kwamba damu huongeza thamani ya wimbo. Hao hawakuitunza historia, waliifanyia biashara. Kuihifadhi sauti kama ilivyorekodiwa ni jambo moja, na kuishangilia ni jingine, na heshima ya wafiwa imo katika kutenganisha mambo hayo mawili.

Kanisa la Fantoft lilijengwa upya, likakamilika mwaka 1997. Vikernes aliachiliwa mwaka 2009. Stubberud alirudi katika Mayhem mwaka 1995, na Csihar mwaka 2004. Mwaka 2015 kundi lilianza kuipiga santuri yote jukwaani tangu wimbo wa kwanza hata wa mwisho. Csihar aliimba maneno ya Ohlin, Blomberg alipiga ngoma zile zile, na nafasi ya besi ilishikwa na Stubberud, yule aliyeondoka mwaka 1991 kwa uchungu wa rafiki yake. Utepe wa Bergen haukubadilishwa. Lakini jukwaani nyimbo hizo zilipata mkono mwingine, mkono usio na damu.