Sola ilikotoka: mhandisi, mwalimu na betri ya gari

Wapo watu wanaodhani biashara ya sola nchini Kenya ilizaliwa pamoja na malipo ya simu. Sivyo. Ilikuwa na umri wa karibu miaka 30 kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza mwaka 2012.

Mwaka 1984, shule ya upili ya harambee ya Karamugi, mashariki ya Mlima Kenya, ilikuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli ili wanafunzi wasome usiku. Palikuwa na mwalimu kijana kutoka Marekani, Mark Hankins, aliyeletwa na shirika la kujitolea la Peace Corps. Alikutana na mhandisi wa kwao, Harold Burris, aliyekuwa na kampuni ndogo iitwayo Solar Shamba. Hesabu zilipopigwa, ikaonekana paneli na betri zingekuwa nafuu kuliko dizeli. Shule ikakubali, taa zikawaka.

Hapo napenda tutulie kidogo. Burris angeweza kupokea hundi yake na kwenda zake. Badala yake, wawili hao walipata fedha za USAID, wakafunga sola katika shule nyingine tatu, na kazi hiyo ikawa darasa la mafundi wa pale pale. Fundi wa sola lazima ajue kujumlisha mzigo wa taa, kuchagua unene wa waya na kutunza maji ya betri. Walimu waliotazama kazi ile wakataka sola nyumbani kwao, kisha wakulima wa kahawa na majani chai. Wafadhili walilipia mafunzo. Paneli ya nyumbani, mwenye nyumba aliilipia mwenyewe.

Alitaka nini hasa? Mabwana wa semina watakwambia ni mwanga wa watoto kusomea. Huo ulikuwapo, lakini mimi niliyekulia zama zile nasema bila kusita: televisheni! Betri ya gari ilifungwa kwenye keria ya baiskeli, ikapelekwa sokoni kuchajiwa, ili Jumamosi watu wakae mbele ya kisanduku cheusi na cheupe watazame mpira. Paneli ndogo ya wati 12 hivi, aina iliyoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipunguza safari zile. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, mitambo zaidi ya 100,000 ilikuwa imeuzwa nchini, mingi kwa pesa taslimu, huku nguzo za stima zikiwa bado ndoto kwa vijiji vingi.

Hankins akageuka mshauri. Mwaka 1991 kilichapishwa kitabu chake cha kufundishia mitambo midogo ya sola Afrika, na akaanzisha Nairobi kampuni ya ushauri, Energy Alternatives Africa. Mafunzo nayo yakavuka mpaka hadi Karagwe, Tanzania, katika kituo cha KARADEA.

Lakini soko lisilo na mwangalizi lina ubaya wake. Mwaka 1999 watafiti walipima paneli zilizokuwa tayari kwenye paa za wananchi. Baadhi ya aina zilikuwa sawa. Nyingine zilitoa nguvu kidogo mno kuliko zilivyoandikwa mgongoni. Mfikirie mama aliyetoa bonasi yake ya chai. Hana kifaa cha kupimia. Televisheni ikizimika kabla ya taarifa ya habari, atalaumu betri, atanunua nyingine, nayo itamfia vilevile. Fundi wa kijijini naye atalaumiwa kwa kosa la kiwanda kilicho ng'ambo.

Kwa hiyo namheshimu mshauri anayepima kuliko yule anayeandika ripoti za kurasa 200 kuhusu "uwezo wa jua la Afrika". Jua tunalo, nani asiyelijua? Paneli hafifu zilifichuliwa tena katikati ya miaka ya 2000, ndipo shirika la viwango, KEBS, likaanza kubana.

Halafu ikaja M-KOPA na malipo yake ya kila siku kwa simu. Ilianza na taa na kuchaji simu. Miaka michache baadaye ikaongeza televisheni, na wateja wakaikimbilia.