Vilima Viwili vya Kampala

Mwaka 1922, wanafunzi 14 wa kutwa walianza masomo kwenye kilima cha Makerere. Walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Chuo kikuu tunachokijua leo kwa madaktari, wanasheria na waandishi wake kilizaliwa kikiwa shule ya ufundi. Nimeanzia hapo kwa sababu swali linaloulizwa sasa madarasani mwetu, la jinsi ya kumwandaa mwanafunzi kwa kazi za zama za akili unde, lina historia ndefu katika mji huu.

Ufundi haukukaa peke yake. Muda si mrefu yaliongezwa masomo ya utabibu, kilimo, mifugo na ualimu, kwani serikali ya kikoloni ilihitaji watu wa kuendesha zahanati, shule na ofisi zake. Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki kilichotoa digrii za London. Shule ndogo ya ufundi, iliyokuwa imefunguliwa papo hapo Makerere mwaka 1928, ilihamishiwa Kyambogo mwaka 1958. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi ya kichwa na kazi ya mikono zilipopewa kila moja kilima chake. Wazazi walilielewa somo hilo upesi. Kalamu ilileta mshahara wa kila mwezi, nyumba na pensheni, ilhali patasi ilileta jasho.

Mpango huo ulifaa maadamu serikali iliendelea kuajiri. Katika miaka ya 1990 ilipunguza watumishi wake kwa wingi. Katika miaka hiyohiyo, kuanzia 1992, Makerere ilifungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia ada. Vyeti viliongezeka wakati viti vya ofisini vikipungua. Fundisho ninalolipata ni kwamba elimu inayomwandaa mtu kwa mwajiri mmoja wa leo humwacha njia panda mwajiri huyo anapobadilika.

Akili unde inaligeuza jambo hili kwa namna ya pekee. Mashine nyingi za zamani zilipunguza kazi ya mikono. Hii imeingia moja kwa moja upande wa kalamu: kuandika barua, kufupisha ripoti, kupanga takwimu, kutafsiri. Sisi wanafunzi wa Kiswahili linatugusa kwa karibu. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022, tulihesabu nafasi za ukalimani na tafsiri. Leo programu hutoa tafsiri ya ukurasa mzima kabla mwanafunzi hajafungua kamusi.

Wapo wanaosema dawa ni kumfundisha kila mtu kompyuta. Sikatai, Makerere ilianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta tangu 1985, na bila msingi huo tusingekuwa na wataalamu tulio nao. Lakini kufundisha chombo cha leo peke yake ni kurudia kosa la kuandaa mpiga taipu hodari kwa ofisi ambayo kesho haitakuwa na mashine ya taipu.

Mfano unaonishawishi zaidi umetoka kwenye mashamba ya muhogo. Maabara ya akili unde ya Makerere ilishirikiana na watafiti wa mazao wa Namulonge kukusanya picha za majani ya muhogo. Picha nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe katika mashamba yao. Wataalamu wa mimea walizitazama na kuziwekea alama: hili lina batobato, hili lina michirizi ya kahawia, hili ni zima. Picha 21,367 zilitolewa kwa umma, na mwaka 2020 wataalamu wa kompyuta duniani kote walialikwa kushindana kuunda programu za kuyatambua magonjwa hayo. Bila jicho la mkulima na la mtaalamu wa mimea, kompyuta isingekuwa na cha kujifunza. Katika kazi hiyo vilima viwili vilikutana.

Nikipewa nafasi ya kushauri, ningependa kila shahada, ya Kiswahili ikiwemo, iwe na kazi moja ya lazima inayofanywa pamoja na watu walio nje ya fani. Mwanafunzi wa Kiswahili akae na wauguzi, aikague tafsiri ya mashine ya maelezo ya dawa, kisha aeleze kwa maandishi ni wapi mgonjwa angepotoshwa. Kazi hiyo inadai sarufi, lakini inadai pia kujua jinsi watu wa Kisenyi wanavyouita ugonjwa wao. Atakayeiweza atakuwa na la kumwonyesha mwajiri, na mgonjwa atameza dawa kwa kipimo sahihi.