Dakika ya 16, ya 87 na ya 97

Bumu halijaingia na ugali maharage unaendelea hapa Malimbe, ila leo sina malalamiko. Nina stori ya babu na asaimenti ya historia.

Kazi yenyewe: chukua takwimu za mechi ya zamani, ueleze zinasema nini. Mwalimu alitupa mfano wa jedwali la besiboli ya Marekani, Boston dhidi ya Brooklyn, 1 Mei 1920. Kawaida mchezo huo ni raundi 9, wao walicheza 26! Brooklyn walipata pointi raundi ya 5, Boston wakasawazisha ya 6, halafu sifuri tupu mpaka giza likaingia, 1-1. Warushaji wawili, Leon Cadore na Joe Oeschger, walirusha raundi zote 26 bila kupokewa. Jedwali linakuambia hata kila mchezaji alishika gongo mara ngapi. Zaidi ya miaka 100 jamani!

Mimi nikachagua ya kwetu. Simba na Yanga, Jumamosi ya 10 Agosti 1974, Uwanja wa Nyamagana, hapa hapa Mwanza. (Jana yake Nixon alikuwa ameachia ngazi kule Marekani, ila Usukumani nani alijali.) Katika zile orodha za matokeo ya watani zinazorudi magazetini kila wakikaribia kukutana, mechi nzima ni mstari mmoja: Yanga 2-1 Simba, Adam Sabu dk 16, Gibson Sembuli dk 87, Sunday Manara dk 97. Basi.

Lakini ukikaa nao unaongea. Dakika ya 97 enzi hizo ni muda wa nyongeza, na mechi ya kawaida ya ligi ingeisha sare watu wakaenda zao. Kwa hiyo hapa alitakiwa mshindi, na kweli ilikuwa fainali ya ubingwa wa taifa. Toa 16 kwenye 87: Simba waliongoza dakika 71, zikabaki 3 tu. Na ni Simba hii hii iliyofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka huohuo.

Kitu ambacho mstari hausemi ni bao la Sembuli lilikujaje. Nikajua dawa yake ni babu, maana Songwa nzima inajua babu alikuwepo Nyamagana. Alienda na lori la pamba, Simba damu. Bao la Manara, yule waliyemwita Kompyuta, amenisimulia tangu niko chekechea.

Likizo nikamkuta chini ya mwembe. Shikamoo, marahaba, nikatoa daftari. La Sabu alisimama kabisa kunionyesha kwa mguu, na magoti yake yale. Nikauliza la Sembuli. Kimya. Akachora chora chini kwa fimbo.

"Mjukuu wangu, lori lilikuwa linaondoka."

Kumbe dereva alishasema hasubiri mtu. Babu alitoka uwanjani zikibaki kama dakika 5, Simba wanaongoza, na juu ya lori wakaimba ubingwa. Kufika Misungwi, redio ya dukani ikatangaza 2-1. Usiku ule Songwa watu walikuwa wanamsubiri yeye, aliyeona kwa macho, awasimulie. Akaona aibu kusema aliondoka. Akasimulia yote matatu. Mwaka uliofuata akasimulia tena, na bao la Manara likazidi kunoga.

Zaidi ya miaka 50! Hata bibi hajui.

Nilirudi chuo nikiwa na mtihani wangu. Nikiandika alivyosimulia siku zote, kurasa 4 zimejaa na maksi zipo. Nikimtoa, nabaki na ule mstari mmoja. Nikampigia simu, akacheka kidogo, akakubali kwa sharti jina lisitajwe. Kwenye asaimenti nimeandika hivi: shahidi wa macho, mkazi wa Songwa, dakika ya 1 hadi ya 85.