Katuni zetu zilianzia wapi?

Ijumaa tulikuwa kwenye diskasheni ya asaimenti ya vifaa vya kufundishia, mshikaji wangu wa chumba akasema katuni za kompyuta ni mambo ya Wamarekani, sisi hatuna historia nazo. Nilikasirika sana, ila jibu sikuwa nalo. Basi bwana, nimeacha desa siku mbili nikachimba.

Kwanza, hata huko nje si Wamarekani tu. Nyumbani Ngenge, kwenye kibanda cha video, niliwahi kuona Planet 51, mtafsiri anapaza sauti juu yake kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kihaya, watu hoi kwa kucheka. Miaka yote nilijua ni ya Hollywood. Kumbe imetengenezwa Madrid, Hispania, na studio inaitwa Ilion, iliyoanzishwa mwaka 2002 na jamaa waliotoka kwenye gemu ya Commandos. Filamu ikatoka 2009. Na kabla yao, mwaka 2001, studio ya Dygra ilishatoa El bosque animado, filamu ndefu ya kompyuta yenye miti na fuko, kutoka riwaya ya mwandishi wao wenyewe, Wenceslao Fernández Flórez. Dygra haikuwa Madrid, ilikuwa A Coruña, mji wa bandari huko pembeni kabisa mwa nchi. Hapo ndipo niliposhtuka. Ni kama mtu akae Bukoba atengeneze sinema ya hadithi za bibi!

Haya, kwetu sasa. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, alianza kuchora wanyama Oysterbay, Dar, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomkosea, lakini wanafunzi wake waliendelea. Mwaka 2010 wanyama wale wakaanza kutembea: Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vya watoto, vikaonyeshwa BBC. Mchoro wa Dar, hadithi za Afrika. Kampuni ya London, studio ya Nairobi. Hongera zao Wakenya, vijana wengi walijifunza kazi pale, lakini nakiri roho iliniuma kidogo.

Ubongo ndio ulionipoza. Walianza Dar mwaka 2013, watu watano, akiwemo Nisha Ligon na Cleng'a Ng'atigwa. Januari 2014 Ubongo Kids ikaingia TBC1: hesabu na sayansi kwa nyimbo, kwa Kiswahili, na mtoto alijibu maswali kwa SMS kwa simu ya kawaida tu, hata ya tochi. Baadaye ikaja Akili and Me ya watoto wa miaka 3 hadi 6, na kazi zao zimetafsiriwa hadi Kihausa na Kinyarwanda. Yaani safari hii wengine ndio wanatafsiri za kwetu.

Jirani zetu Kampala nao wamo. Raymond Malinga na Creatures walitoa A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017, kuhusu lile zimwi la shuleni, kisha akawa mmoja wa waongozaji wa Kizazi Moto ya Disney mwaka 2023. Hizo ni filamu fupi lakini. Filamu ndefu inataka pesa na miaka, na hata Ilion yenyewe ilinunuliwa na Skydance ya Marekani mwaka 2020.

Kwa nini nahangaika? Mpwa wangu pale Ngenge alijua kuhesabu kwa Akili kabla hajakanyaga darasa, kwenye simu ya dada yangu. Nilipokuwa TP nilifundisha hesabu fomu wani kwa Kiingereza, mtoto mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sa, hiyo kwa Kiswahili ni nini?" Nilimjibu kwa Kiswahili, halafu nikaangalia mlangoni kama kuna mtu. Sijajisamehe kwa kule kuangalia mlango.

Mshikaji nimemwonyesha. Kasema, "Sawa, ila hiyo ni ya watoto." Nikamwambia sisi tunasomea kufundisha nani? Kanyamaza. Prezentesheni ni kesho saa mbili, boom halijatoka, na bando la kupakua vipande vya kuonyesha nimekopa kwake huyo huyo.